Chumvi, barafu na baiskeli ya mjomba

Baiskeli ile ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma wa nyumba ya mjomba, pale Shella, Malindi, tangu nikiwa darasa la saba. Aliachiwa na Muitaliano ambaye mjomba alikuwa akimlindia nyumba, siku Muitaliano huyo alipoiuza nyumba na kurudi kwao. Ni baiskeli ya milimani, fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, gia 21. Mwaka jana nilipopata kazi ya kufundisha Mambrui, nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi ikaanza kunila mshahara. Nikamwendea mjomba. "Haya mjomba," akaniambia, "ukiiweza ni yako."

Niliipenda kabla sijaishika. Chini ya vumbi na utando wa buibui fremu ilikuwa imenyooka, haina ufa hata kwenye maungio. Fremu ikiwa nzima, vingine vyote hununuliwa.

Kutu haikunitisha. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunajua kwamba chuma hakiliwi na mvua peke yake. Upepo wa kusi ukianza kuvuma mwezi wa Aprili, unabeba chumvi hadi ndani ya makabati. Kutu ile nyekundu niliimaliza kwa brashi ya waya, msasa na dizeli, kazi ya Jumamosi mbili. Kilichonitesa ni unga mweupe ambao mwanzoni hata sikuujali.

Unga huo ulikuwa umezunguka bomba la kiti, pale linapoingia kwenye fremu. Bomba lenyewe ni la alumini, fremu ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na ule unga unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa. Basi unajaa, unabana, na mwisho bomba na fremu vinakuwa kitu kimoja. Kiti kilikuwa kimekwama chini kabisa, na mimi ni mrefu. Kuendesha zaidi ya kilomita 10 magoti yakiwa yamekunjwa karibu na kifua ni kujiumiza. Nilipiga nyundo, nikamwaga mafuta ya kulegeza asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Halikutikisika.

Ndipo nikaibeba begani hadi kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini, upande wa Maweni. Kazi yake kubwa ni zile baiskeli nyeusi za inchi 28 zinazobeba mitungi ya maji na magunia ya makaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani aliyeipiga nyundo hii?"

Nikamwambia ni mimi. Hakunigombeza. Alizunguka baiskeli yote, akaipapasa, kisha akasema tuanze na krenki, yaani mikono ya pedali na ekseli yake, tutoe na beringi zake, ndipo turudi kwenye kiti. Sikuelewa kwa nini, lakini nilikaa nikatii.

Pedali ya kulia ilifunguka vizuri. Ya kushoto niliikazana nayo hadi spana ikateleza nikachubuka vidole. Mzee akanishika mkono: "Kabla hujaweka nguvu, uliza thredi imeelekea wapi." Pedali ya kushoto hukatwa thredi ya kinyume, ili isijifungue unapokanyaga. Inafunguka kwa kuzungushwa upande wa akrabu za saa. Na kwenye fremu kama ile yangu, kikombe cha beringi za krenki upande wa mnyororo nacho ni kinyume. Nilikuwa nimekizungusha nyumbani mchana mzima, kumbe nilikuwa nikikikaza. Tulipokielekeza kwake kilitoka kwa mvuto mmoja mkali, na gololi zikamwagika kama kunde zilizooza: zimeliwa, nyingine zimebaki nusu.

Sasa ndipo nikaona alichokitaka. Krenki ikiwa imetoka, lile tundu la chini limeungana na bomba la fremu linaloshuka kutoka kwenye kiti. Aligeuza baiskeli kichwa chini miguu juu, akabana kichwa cha bomba la kiti kwenye jiriwa, kile kibano kizito cha mafundi, akanituma soko la samaki nikalete barafu. "Isiyotiwa chumvi," akasisitiza. "Chumvi imetutosha."

Nilidhani atatumia moto, nikamuuliza. Akanieleza kwamba moto ungeunguza rangi, na tena alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tungeanza kwa kulibana zaidi. Baridi hufanya kinyume chake: alumini husinyaa zaidi kuliko chuma. Tukaiponda barafu, tukaishindilia kupitia tundu la krenki mpaka ikajaa ndani ya bomba la kiti. Tukangoja. Kisha tukaishika fremu, yeye mbele mimi nyuma, tukaizungusha yenyewe kama usukani wa lori huku bomba likiwa limetulia kwenye jiriwa. Fremu nzima ndiyo ikawa mkono wa spana.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Tukaongeza barafu na mafuta. Mara ya tatu ilitoa mlio mkali kama mlango wa zamani, na nikahisi fremu imesogea, labda upana wa kidole. Sitaisahau ile hisia mikononi. Tuliendelea kuzungusha huku na huku, kidogo kidogo, mpaka bomba likachomoka zima, limevaa unga mweupe kama muhogo uliokaushwa.

Mengine yalikwenda upesi. Tulisafisha vikombe, tukajaza grisi na gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande wa krenki na 9 kila upande wa ekseli ya nyuma. Nyaya za breki na gia zote nilibadilisha.

Tairi zilinipotezea siku moja, na nalisema hili kwa yeyote anayefufua baiskeli ya aina hii. Nilinunua tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8, nikijua 26 ni 26. Haikukaa. Tairi ya baiskeli ya milimani huandikwa kwa nukta, mfano 26 x 1.95, na rimu yake ni milimita 559. Ile iliyoandikwa kwa sehemu, 1 3/8, ni ya rimu ya milimita 590. Tazama namba hiyo ndogo ya milimita ubavuni mwa tairi kabla hujalipa.

Siku ya kwanza nilitoka alfajiri. Barabara ya kaskazini, upepo wa kusi ukinisukuma mgongoni, nikavuka daraja la Mto Sabaki maji yakiwa mekundu ya udongo. Mbele ya daraja nilisimama juu ya pedali kupanda, mnyororo ukaruka. Nikakanyaga tena, ukaruka tena. Goti lilinigonga kwenye usukani, nikashuka, nikasukuma. Roho iliniuma sana, kwa sababu mnyororo ulikuwa mpya.

Jioni mzee alinipa rula. Mnyororo usiochakaa, ukipima viungo 24 kutoka pini hadi pini, unakuwa inchi 12 kamili. Ule wa zamani, ambao nilikuwa bado nao kwenye ndoo, ulizidi kwa zaidi ya moja ya nane ya inchi. Ukifika hapo, umeshakula na meno ya friwili, yaani zile gia za gurudumu la nyuma, na meno hayo hayatashikana na mnyororo mpya. Nilikuwa nimebana pesa kwa kuiacha friwili, na ndiyo iliyonikataa.

Kuitoa nako ni kazi, maana kila unapokanyaga inajikaza zaidi kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Tulibana kifaa chake kwenye jiriwa, tukaweka gurudumu juu yake, tukalizungusha kushoto kwa mikono miwili. Friwili mpya ikaingia kwa vidole, juu ya grisi nyingi. Mzee akarekebisha skrubu mbili za mashine ya gia ili mnyororo usianguke ndani kwenye spoki wala nje kwenye fremu, akanipa niijaribu hadi barabarani na kurudi. Haikuruka.

Sasa ni mwezi wa tano naendesha. Asubuhi nasukumwa na kusi, jioni napigana nayo hadi Sabaki. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nachomoa bomba la kiti, nalifuta, nalipaka grisi, nalirudisha hadi kwenye alama niliyoikwaruza kwa msumari. Mjomba hunitazama kutoka barazani. Wiki iliyopita alishuka, akalishika mwenyewe, akalizungusha mara moja ndani ya fremu kuona kama kweli linazunguka.