Mji ukijiunga na zimamoto la kanda, bili yako ya kodi hupanda kwa kiasi gani?

Ukiwa na nyumba Kent, Auburn au Renton katika jimbo la Washington, bili yako ya kodi ya majengo ina mstari wa zimamoto uliojitenga na ule wa mji. Miji hiyo iliachana na vikosi vyake. Sheria ya mwaka 2004 iliruhusu miji na wilaya za zimamoto kuunda mamlaka moja ya kanda yenye bajeti na kodi yake, na kwenye karatasi huandikwa RFA. Auburn, Algona na Pacific walianza mwaka 2007, Kent na wilaya namba 37 wakafuata 2010, Renton 2016, Lynnwood 2017. Edmonds waliingia kwa kura ya Aprili 2025. Olympia na Tumwater waliletewa pendekezo kama hilo Aprili 2023, wakalikataa.

Kosa la kwanza la wapiga kura ni kuutazama mstari mpya peke yake. Kinachoamua ni mji wako utapunguza kodi yake kiasi gani baada ya kuutua mzigo wa zimamoto.

Tuseme nyumba yako imethaminiwa dola 600,000 na mji unatoza dola 2.00 kwa kila 1,000 ya thamani, yaani dola 1,200 kwa mwaka, zimamoto likiwa humo ndani. Mamlaka ya kanda inakuja na kodi ya dola 1.00 kwa kila 1,000, yaani 600, pamoja na tozo ya dola 300 (tozo tutaifikia). Mji ukishusha kiwango chake hadi 1.00, utalipa jumla 1,500, nyongeza ya 300. Ukishusha hadi 1.50, utalipa 1,800. Usiposhusha hata senti, ni 2,100, na hapo zimamoto unalilipia mara mbili.

Je, sheria haiulazimishi mji kushusha? Wengi wanadhani inaulazimisha, kwa sababu wamesikia habari ya ukomo. Mji wa kawaida hauruhusiwi kuvuka dola 3.375 kwa kila 1,000. Ukiwa ndani ya zimamoto la kanda au wilaya ya maktaba, ukomo wake unakuwa 3.60 ukitoa wanachotoza hao wawili. Kwenye mfano wetu, 3.60 toa 1.00 ni 2.60. Mji unaotoza 2.00 haujagusa ukomo, kwa hiyo unaweza kubaki palepale bila kuvunja sheria yoyote. Ahadi ya meya kwenye mkutano si kitu. Tafuta azimio la baraza la mji lenye tarakimu, lililopitishwa kabla ya kura. Hata hilo lina mlango wa nyuma: mji unaotoza chini ya haki yake hubaki na ile haki kama akiba, na baraza la miaka ijayo laweza kuirudia bila kuwauliza wapiga kura.

Kwa haki, mji hauwezi kurudisha kila dola. Zimamoto likiondoka, baadhi ya gharama hubaki mezani kwake. Kubwa ni matibabu ya wastaafu wa zimamoto walioajiriwa kabla ya Oktoba 1, 1977, ambayo mji unawajibika kuyalipia maisha yao yote. Mji unaposema utashusha senti 80 badala ya dola nzima, omba orodha ya hizo senti 20.

Sasa tozo. Mamlaka isiyo nayo inaweza kutoza kodi hadi dola 1.50 kwa kila 1,000. Ikichukua tozo, ukomo wa kodi hushuka hadi 1.00, na tozo haiwezi kuzidi asilimia 60 ya bajeti ya uendeshaji. Kuunda mamlaka yenye tozo kunahitaji asilimia 60 ya kura. Isiyo na tozo, wingi wa kawaida unatosha. Mji unaojiunga na mamlaka iliyokwishaundwa hupiga kura peke yake, na wingi wa kawaida unatosha hata kama tozo imo.

Tozo haiangalii thamani ya kiwanja chako. Inaangalia jengo, na maji yatakayohitajika likiwaka. Kanuni inayotumika sana huanza na kipeuo cha pili cha eneo la jengo kwa futi za mraba, mara 18. Nyumba ya futi 1,600: kipeuo chake 40, mara 18 ni 720, hesabu ya galoni kwa dakika. Nyumba ya futi 3,600 inatoa 1,080. Ukubwa umezidi mara mbili na robo, tozo imezidi mara moja na nusu tu. Kisha huzidishwa kwa gharama ya kila galoni na kwa uzito wa aina ya jengo, na hapo ndipo maghala na maduka makubwa hubebeshwa. Mwenye kijumba kwenye kiwanja ghali anafaidika. Mwenye ghala analia.

Wanachokisahau wengi ni mwendo wa miaka. Jumla ya kodi ya mji, na ya mamlaka pia, haiongezeki zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka bila kura, ukiacha majengo mapya. Tozo haifungwi na asilimia hiyo. Mishahara ikipanda kwa asilimia 4, pengo hilo hujazwa na tozo. Kwa hiyo usilinganishe mwaka wa kwanza tu. Omba makadirio ya mwaka wa sita.

Makosa kwenye tozo mara nyingi ni ya vipimo: banda lililobomolewa bado linahesabiwa, au eneo limeandikwa vibaya kwa mthamini wa kaunti. Rufaa hiyo huenda kwenye bodi ya mapitio ya mamlaka yenyewe, na dirisha lake laweza kuwa wiki mbili tu. Mwenye miaka 61 na zaidi, kipato kikiwa ndani ya kiwango cha kaunti, hupunguziwa tozo asilimia 25, 50 au 75, lakini lazima aombe. Jengo lenye vinyunyizio vya maji vinavyofunguka vyenyewe hupunguziwa angalau asilimia 10.

Kama benki ndiyo inayokulipia kodi kutoka kwenye malipo ya mkopo, hutaiona nyongeza tarehe 30 Aprili wala 31 Oktoba. Utaiona baadaye kwenye barua ya upungufu, malipo ya kila mwezi yakiwa yamepanda kwa sababu mbili: kodi mpya, na deni la mwaka uliopita. Anza kuiweka pembeni mapema.