Si Uzime Tu?

Jumapili usiku, nyumba imetulia.

Mpwa wangu ameshinda kwangu leo. Asubuhi niliitoa kabatini PlayStation yangu ya kwanza, ile ya kijivu, nikaipangusa vumbi, nikaiunganisha kwenye TV na kuweka Resident Evil, ile yenyewe ya mwaka 1996. Kijana akakaa pembeni akitazama. Kuelekea saa kumi akachoka, akataka twende nje. Nikamwambia, "Subiri kidogo, natafuta taipureta."

Akanigeukia. "Taipureta ya nini tena, mjomba? Si uzime tu?"

Ana miaka 11, na swali lake limenikaa kichwani mpaka saa hizi. Maana kwake yeye gemu haina mahali pa kuachia. Anabonyeza kitufe, PS5 inasinzia. Kesho akiiamsha, mtu wake yuko palepale hewani, katikati ya kuruka. Kuseivu, yaani kuhifadhi pale ulipofika, kwake ni kialama kidogo kinachozunguka kwenye pembe ya skrini kisha kinapotea. Hajawahi kukiomba kitu.

Watu wakikaa kubishana kizazi gani cha konsoli, hizi mashine za kuchezea gemu, kilikuwa bora, hoja huwa zilezile: michoro, orodha ya gemu, nani aliuza zaidi. PlayStation 2 iliuza zaidi ya milioni 150, ubishi umekwisha, kila mtu kwao. Mimi nikijichunguza naona kipimo changu ni kingine, tena cha ajabu kidogo. Nakipima kizazi kwa namna kilivyokuruhusu kuacha.

Chukua hiyo Resident Evil. Uko ndani ya jumba lililojaa mazombi, na huwezi kuseivu mpaka ufike chumba chenye taipureta, tena uwe na utepe wa wino. Tepe hizo zinahesabika. Unaziokota chachechache humo jumbani, na kila ukiseivu unatumia moja. Na si hilo tu: utepe unakula nafasi mfukoni. Wahusika wa kuchagua ni wawili: ukicheza na Chris una nafasi 6 tu za kubebea vitu, ukicheza na Jill una 8. Kwa hiyo unasimama mbele ya kasha la akiba ukipiga hesabu: nibebe utepe, au risasi, au ufunguo ambao sijui mlango wake uko wapi? Nimewahi kupita kwenye taipureta nikiwa na utepe mkononi, nikaona uchoyo, nikasema nitaseivu nikirudi. Sikurudi. Zombi lilinimaliza kwenye korido hatua chache kutoka pale, na saa nzima ya kazi ikaenda na maji.

Lakini ule mlango ukifunguka na ukasikia kile kimuziki cha taratibu cha chumba cha taipureta, mabega yanashuka yenyewe. Sijui gemu ya leo inayonishusha mabega namna hiyo.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu zaidi. Famicom, konsoli ya Nintendo ambayo nje ya Japani iliitwa NES, ilitoka Japani mwaka 1983, na Super Mario Bros. ya 1985 nzima ilienea kwenye kilobaiti 40. Kaseti ilikuwa ya kusoma tu, haina pa kuandika, kwa hiyo haikukumbuki. Ukizima, hujawahi kucheza. Kwa Mario haikuwa shida sana, kwa sababu anayejua njia za mkato anaimaliza kwa kikao kimoja. Shida ilianza pale watengenezaji walipotaka kusimulia hadithi ndefu. Dragon Quest ya 1986 ikampa mchezaji nywila ya herufi 20 za Kijapani. Ya pili yake, mwaka uliofuata, ikafika herufi 52. Hebu fikiria mtu amekaa na kalamu saa sita usiku ananakili herufi 52, na akikosea moja tu, safari yote imekufa. Metroid ya NES ilikuwa na herufi 24, na humo ndani sifuri na O zote zinatumika. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa amekosana na nani.

Nywila ninazozikumbuka kwa mapenzi ni za Mega Man 2. Hazikuwa herufi: zilikuwa ubao wa miraba 25, tano kwa tano, na vidoti 9 vyekundu ndani yake. Kwa mtoto mwenye daftari la hesabu lenye vijimraba, hiyo ni zawadi. Kurasa za nyuma za daftari langu zilikuwa vidoti vitupu. Mwalimu aliwahi kuzifungua, akazitazama kwa muda mrefu, akafunga bila kusema neno. Nadhani aliamua ni hesabu asiyoijua.

Kisha ikaja betri. The Legend of Zelda ilipofika kwenye kaseti ya NES mwaka 1987 ilikuwa na betri ndani, bapa kama ya saa, kazi yake kuilinda kumbukumbu isifutike umeme ukikatwa. Hata hivyo kulikuwa na masharti: wakati wa kuzima unatakiwa uwe umeshikilia kitufe cha reset, la sivyo unaweza kuharibu faili. Kidole kimoja huku, kingine kule, pumzi umeibana. Unaizima kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Ubaya wa betri ni kwamba inakufa kimyakimya. Pokémon Gold na Silver za 1999 zilikuwa na saa ndani ya kaseti, inayotembea usiku na mchana hata Game Boy, konsoli ya mkononi, ikiwa imezimwa, na saa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiinyonya betri. Miaka kadhaa iliyopita niliichomeka yangu nikakuta ukurasa wa kuanza gemu mpya, safi kabisa, kama vile sijawahi kuigusa. Unaweza kuweka betri nyingine kwa kulehemu, na nimefanya hivyo, lakini vijinyama nilivyovikusanya humo ndani havirudi.

Sasa nifike kwenye kizazi ninachokipenda, yaani PlayStation ya kwanza na ya pili. Diski nazo haziandikiki, kwa hiyo wakaitoa kumbukumbu nje kabisa ya gemu, wakaiweka kwenye kadi. Kilobaiti 128, imegawanywa vyumba 15. Unaichomoa, unaitia mfukoni, unaenda nayo kwa rafiki. Hapo ndipo kizazi hicho kiliponiteka moyo. Maendeleo yako kwenye gemu yakawa kitu cha kushika mkononi, kitu unachoweza kuazima, kusahau kwa mtu, kugombea. Gemu moja ya mpira wa miguu ya kaka yangu ilimeza vyumba vingi hata tukaitisha kikao cha familia.

Mtu aliyeelewa kadi ile kuliko wote ni mtengenezaji wa gemu Hideo Kojima. Kwenye Metal Gear Solid ya 1998 unakutana na bosi anaitwa Psycho Mantis, anayejidai anasoma mawazo. Kumbe anasoma kadi yako. Kama una faili za gemu fulani za Konami, kampuni iliyoitoa gemu hiyo, anakutajia. Mara ya kwanza aliponiambia napenda Castlevania niliiweka padi ya kuchezea chini. Na njia ya kumshinda ilikuwa kuichomoa padi na kuichomeka tundu la pili, asiweze kukusoma. Gemu ya leo inaweza kuwa na milima, mvua na nywele za farasi, lakini haiwezi kunigusa mahali pale, kwa sababu siku hizi hakuna kitu changu kilicho nje.

PlayStation 2 ilikuja mwaka 2000 na kadi ya megabaiti 8. Ukiiwasha bila diski na kufungua orodha ya kadi, kila faili ilikuwa na sanamu yake ndogo inayozunguka, na nyingine ukichagua kuzifuta zilibadilika, zikawa kama zinakuomba. Halafu ile minara unayoiona mwanzoni kabisa, kwenye lile giza la samawati: wengi hawakujua kwamba ile minara ni wewe. Inaongezeka na kurefuka kadiri ulivyocheza gemu zako. Ukiwasha konsoli mpya hakuna mnara. Nilipoambiwa hilo nilikuwa nimeshaiwasha mara elfu bila kuangalia.

Kadi hiyohiyo ndiyo ilinipa pigo. Final Fantasy X, saa 40 na ushei, skrini inasema usichomoe kadi wala usizime, nami nikanyoosha mguu ulioniingia ganzi. Mguu ukaukuta waya. Nilikaa pale kwenye zulia nikiutazama mguu wangu kama wa mtu mwingine. Hadi leo hiyo gemu sijaimaliza.

Dreamcast, konsoli ya Sega, ninaiheshimu kwa kadi yake yenye kioo na vitufe, ingawa betri zake zikiisha ilikuwa inapiga mlio kila ukiwasha, mlio wa kukera kweli. N64 ya Nintendo sina la kusema: gemu yake Ocarina of Time naipenda, lakini mambo ya kuseivu ya konsoli hiyo hayakuwa na kichwa wala miguu, mara ndani ya kaseti, mara kwenye kijidude cha nyuma ya padi.

Kisha Xbox ya 2001 ikaja na diski kuu ya kompyuta ndani yake, na kuanzia hapo kadi ilikuwa inahesabiwa siku. Kizazi cha Xbox 360, PS3 na Wii kilipoota mizizi, gemu zilikuwa zimeanza kujiseivu zenyewe. Sitajifanya mzee wa kulalamika. Nina kazi, nina watu wanaonitegemea, na Breath of the Wild ya 2017 niliimaliza kwa vipande vya dakika 20 kwenye Switch, konsoli ya Nintendo ambayo inalala ukiibonyeza na kuamka palepale. Bila usingizi ule nisingeimaliza kamwe. Ila ukiniuliza niliishia wapi siku yoyote ile, sikumbuki hata moja. Resident Evil naikumbuka kila taipureta.

Na wapo waliogeuza kule kujiseivu kuwa kisu. Dark Souls ya 2011 inaandika kila unachofanya, papo kwa papo. Ukimpiga kwa bahati mbaya mwuza silaha akakukasirikia, imeandikwa, hakuna kurudi faili ya jana. Na kuna Nier ya 2010 (anayetaka kuicheza aruke mistari hii), ambayo kwenye mwisho wake wa nne inakuuliza kama uko tayari kumwokoa mtu mmoja kwa gharama ya faili zako. Ukikubali inazifuta mbele ya macho yako. Ndiyo gemu pekee niliyoombwa nitoe kitu changu halisi. Nilikataa kwanza. Nikazima, nikalala, nikarudi kesho yake.

Mambo ya kuhifadhi mtandaoni sina ugomvi nayo sana, isipokuwa hili la kulipia ili faili zangu zipewe mahali pa kulala. Na maduka yenyewe yanafungwa: la 3DS na la Wii U, konsoli za Nintendo, yaliacha kuuza Machi 2023. Kadi ya kijivu hakuna anayeweza kuifunga. Itakufa siku yake, ila itafia droo yangu.

Basi nirudi kwa mpwa. Tulikipata chumba, yeye ndiye aliyekiona mlango. Nikaweka utepe, nikachagua kuseivu, gemu ikagoma: kadi imejaa. Nimecheka peke yangu. Ninayo hii moja tu inayofanya kazi, na si yangu, ni ya binamu yangu, niliiazima tukiwa shule. Vyumba 11 kati ya 15 ni Final Fantasy VII yake. Alikuwa mtu wa kuseivu upya kila njia inapogawanyika, asije akajuta. Vinne vilivyobaki ni vyangu, na nikisema ukweli hata kimoja sina moyo wa kukiachia. Zaidi ya hapo, kufuta kunafanyika kwenye menyu ya konsoli, ambayo huwezi kuifikia bila kuitoka gemu. Yaani ili niseivu, lazima kwanza nipoteze.

Nikamwandikia binamu: kaka, nina faili zako 11 hapa, naweza kufuta moja? Jibu likaja kabla sijaweka simu chini. "Thubutu uone. Kesho jioni nakuja na kadi nyingine."

Kwa hiyo iko sebuleni, inawaka. Jill amesimama mbele ya taipureta, sauti ya TV nimeipunguza, lakini hapa nilipo nakisikia kile kimuziki kikizunguka na kuanza upya. Mpwa alipokuja kuchukuliwa na mama yake aliomba karatasi na gundi. Amebandika juu ya kitufe, kwa herufi kubwa: USIZIME.