Mashine ya kwanza ya kufulia kwa watu wa baridi: lipia kukamua kabla ya kulipia draya

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Mwanjelwa, Mbeya, uliza mashine yenye draya. Utaonyeshwa ya matangi mawili na kuambiwa, "Hii hapa kaka, ina draya yake kabisa." Muuzaji hadanganyi. Kwa lugha ya dukani, draya ni lile tangi dogo la pembeni linalozungusha nguo kwa kasi mpaka maji yatoke. Halina joto hata kidogo. Nguo zinatoka zimekamuliwa, hazijakauka. Hata otomatiki iliyoandikwa "Air Dry" inafanya hivyo hivyo, ila inavuta hewa kidogo wakati wa kuzunguka. Draya ya kukausha kwa joto ni mashine nyingine, ina bei yake na njaa yake ya umeme.

Kwa mwenye bajeti ya kawaida huku kwetu, ile ya kukamua ndiyo ya kulipia kwanza. Ya joto isubiri, na kwa nyumba nyingi isubiri moja kwa moja.

Angalia hali ya hewa yenyewe. Kuanzia Juni hadi Oktoba, Mbeya na Iringa hewa ni kavu na upepo upo, hata miezi ya Juni hadi Agosti ambapo baridi inang'ata. Suruali ya jinsi iliyokamuliwa vizuri ikianikwa asubuhi, jioni unaikunja. Tabu iko kati ya Desemba na Aprili, na hata hapo mara nyingi asubuhi kunakuwa na jua kabla mvua haijashuka mchana. Ukungu wa Njombe na Makete unahitaji subira zaidi. Tukuyu, kwa wingi wa mvua zake, ni kesi ya peke yake, nitaifikia.

Sasa hesabu. Chukua kilo 5 za nguo za pamba, zipimwe zikiwa kavu. Zikikamuliwa kwa mizunguko 1,400 kwa dakika zinabaki na maji kama nusu ya uzito wake, yaani lita 2.5. Kwa mizunguko 1,000 zinabaki na lita 3 hivi. Otomatiki nyingi za kujazia juu huzunguka 700 hivi, na hapo ni lita 3.5 au zaidi. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka karibu uniti 0.7 ya umeme, kabla hujahesabu joto linalopotea ukutani na hewani. Ndiyo maana draya ya kawaida ikijazwa kilo 7 hula uniti 4 au zaidi kwa mzigo mmoja. Uniti ya mteja wa kawaida wa nyumbani ni kama Sh 350 ukijumlisha kodi, kwa hiyo mzigo mmoja ni Sh 1,400. Mizigo miwili kwa wiki ni uniti 35 kwa mwezi, zaidi ya Sh 12,000. Na kama uko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, draya peke yake imekula karibu nusu ya nafasi yako.

Feni ya kusimama ya wati 50 ikipuliza kwenye kamba za ndani kwa saa 8 inakula uniti 0.4. Weka hizo namba mbili pembeni kwa pembeni kabla hujatoa pesa.

Kwa nyumba ya kupanga, au mahali penye mgao wa maji, chaguo langu la kwanza ni matangi mawili ya kilo 7 hadi 8. Bei yake mpya huwa karibu nusu ya ile ya otomatiki yenye mlango wa mbele, haihitaji presha ya bomba kwa sababu unaijaza hata kwa ndoo, na tangi lake dogo huzunguka 1,300 hivi kwa dakika, kasi inayozishinda otomatiki nyingi za juu zenye bei kubwa kuliko yake. Kasoro yake ni kwamba lazima usimame nayo: kuhamisha nguo, kujaza maji, kumwaga. Soma lebo kwa makini pia. Kilo 7 ni za tangi la kufulia. La kukamua huchukua 4 au 5, kwa hiyo mzigo mmoja unaukamua mara mbili.

Namna ya kuitumia ndiyo inayotofautisha anayeisifu na anayeilaani. Jaza maji mara moja, fua nyeupe kwanza, halafu za rangi, mwisho nyeusi na za shamba, humo humo kwenye povu moja, ukiongeza sabuni kidogo kila awamu. Kabla ya kusuuza, kamua povu kwa dakika 2. Hatua hii wengi wanairuka, kisha wanalalamika kwamba mashine inakula maji. Nguo iliyokamuliwa sabuni husuuzika kwa maji mara moja au mbili. Isiyokamuliwa utaisuuza mara nne na bado itakuwa inateleza. Mwisho kamua dakika 5.

Sabuni ya unga haiyeyuki vizuri kwenye maji ya Julai. Utakuta chembe nyeupe kwenye kola za mashati. Ikoroge kwanza kwenye kopo la maji ya moto. Ukitaka kufua kwa uvuguvugu, weka lita 30 za baridi kwanza, kisha mimina lita 10 zilizochemka. Kwa muinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94, na ukichanganya na baridi ya nyuzi 15 unapata kama 35, joto la kutosha kabisa. Usianze na ya moto: tangi ni la plastiki, linapinda, na likishapinda pulseta, kile kisahani cha chini kinachozungusha maji, huanza kusugua.

Kile kisahani cha plastiki chenye matundu kinachokuja na tangi la kukamulia kina kazi. Kinakaa juu ya nguo, chini ya mfuniko. Watu wanakitupa wiki ya kwanza. Kisha soksi inapanda, inaruka ukingo, inaingia kati ya tangi na ganda la mashine, mota inakwama, na fundi analipwa kwa kutoa soksi. Nguo zipange sawasawa kuzunguka tangi. Likianza kugonga kuta, fungua mfuniko, zipange upya.

Mpira wa kumwagia maji wa matangi mawili nyingi hautumii pampu, maji yanashuka yenyewe. Ukiulaza juu ya kizingiti cha mlango, maji hayatoki. Iinue mashine kwenye tofali au stendi, mpira ushuke hadi kwenye mfereji. Mashine ya mlango wa mbele ni kinyume: ina pampu, na mpira wake unatakiwa kupanda sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni kabla ya kushuka. Ukiulaza chini, maji yanatoka huku mashine inajaza, na itaendelea kujaza bila kufika popote. Fundi bomba asiyejua hili atakwambia mashine ni mbovu.

Otomatiki ya juu nitaipita haraka. Inafaa mwenye maji ya uhakika na asiye na muda. Hula lita 100 hadi 150 kwa mzigo na hukamua vibaya kuliko zote, jambo ambalo kwa msimu wetu wa mvua ni dosari kubwa.

Ya mlango wa mbele ndiyo inayofua vizuri zaidi, kwa lita 50 hivi tu. Kama bajeti inafika na nyumba ni yako, chukua ya kilo 7, mizunguko 1,200 kwenda juu, usilipie zaidi kwa ajili ya Wi-Fi. Lakini ina masharti. Kwanza presha: nyingi hutaka angalau bar 0.3 hadi 0.5. Kila mita 10 za kimo cha maji ni bar 1, kwa hiyo simtanki likiwa juu ya paa mita 3 tu kutoka usawa wa mashine linakupa 0.3, mpakani kabisa. Likiwa limekaa chini uani, bila pampu usijaribu. Maji yakikosekana, LG huandika IE, Samsung 4E au 4C. Wengi hudhani bodi ya kielektroniki imekufa kumbe ni bomba. Wakati wa mvua, maji yakiwa na tope, kagua kichujio kidogo kilicho pale mpira unapoingia nyuma ya mashine: funga bomba, fungua nati, kitoe kwa koleo, kisugue kwa mswaki. Nati hiyo ni ya robo tatu, na bomba nyingi za uani ni nusu inchi, kwa hiyo nunua kiunganishi mapema.

Pili umeme. Hita yake ni wati 1,800 hadi 2,000, sawa na ampea 9 hivi. Gadi, kile kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka, ikiwa ile ndogo ya friji ya ampea 5 haifai, itaungua. Nunua ya ampea 13 au zaidi, soketi yake iwe ya ukutani, siyo ekstensheni, na fundi umeme ahakikishe erthi ipo kweli na siyo waya unaoning'inia tu. Kinachoua mashine hizi ni bodi kuunguzwa umeme unaporudi kwa kishindo, na bodi mpya huuma mfuko. Ukifua kwa maji ya baridi badala ya nyuzi 40, uniti hushuka kutoka 0.6 hivi hadi chini ya 0.2.

Tatu sabuni. Ile ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi mno, mashine inashindwa kuhisi kiwango cha maji na kusuuza. Tafuta pakiti iliyoandikwa Automatic au Matic.

Mablanketi yetu mazito ni mtego kwenye mashine yoyote ya ukubwa huu. Blanketi la kilo 5 likilowa linakuwa donge upande mmoja, mashine inagoma kuzunguka, au inazunguka kwa kuruka mpaka shokapu zinachoka. Endelea kuyakanyaga kwenye beseni, bila aibu.

Kuna zile za "fua na kausha" ndani ya ngoma moja. Zinapendeza kwa maelezo. Uliza kilo za kukausha: ya kufua kilo 8 hukausha 5 au chini, kwa saa nyingi, na nyingi zinatumia maji ya bomba kupoza mvuke. Ikiharibika moja, zote mbili zimelala.

Pesa iliyobaki ipeleke uani. Kibanda cha mita 2 kwa 3, nguzo nne, paa la bati angavu la plastiki, pande zote wazi ili upepo upite, kamba zikiachana sentimita 30. Geuza mifuko ya jinsi nje, mashati yaning'inie kwenye henga, masweta yaviringishwe kwanza ndani ya taulo kavu na kukanyagwa. Nguo iliyokamuliwa vizuri inakauka humo hata mvua ikinyesha, ila ichukulie siku nzima. Ndani ya nyumba, acha dirisha wazi kiasi na feni iwake. Bila njia ya mvuke kutoka, kuta zitaota ukungu. Na usianike nguo juu ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Gesi ya mkaa haina harufu, na inaua.

Tukuyu, au nyumba yenye mtoto mchanga na nepi za kitambaa, draya inaweza kujitetea. Ya bomba la hewa ndiyo ya bei nafuu, lakini bomba lake la sentimita 10 lazima litoke nje, siyo kuishia nyuma ya kabati. Ya pampu ya joto hula karibu nusu ya umeme, bei yake ni kubwa, na nyingi hazitakiwi kufanya kazi chini ya nyuzi 5, kwa hiyo kibaraza cha Makete alfajiri ya Julai si mahali pake. Safisha kichujio cha manyoya kila mzigo. Kikiziba muda wa kukausha unaongezeka sana, na kinaweza kushika moto.

Mtumba? Geuza nyuma usome lebo: iwe 220–240V, 50Hz. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120 na 60Hz. Transfoma hubadili volti, haibadili hezi, na mota huishia kupata moto. Zungusha ngoma kwa mkono ukiwa umetega sikio: ikisaga kama mchanga, beringi zimekwisha. Iinue na kuishusha. Ikicheza dhidi ya ngoma ya nje, iache. Kunja mpira wa mlango uangalie kama umechanika chini. Kwa matangi mawili, mota ikinguruma bila kuzunguka mara nyingi ni kapasita, kifaa cha bei ndogo, na hiyo ni nafasi ya kupunguza bei.

Ukinunua Kariakoo na kusafirisha kwa basi, mlango wa mbele isafiri imesimama, na zile bolti 3 au 4 za nyuma zinazoshikilia ngoma zikiwa mahali pake. Bila hizo, kona za mlima Kitonga njiani zinaimaliza. Kwa mtumba ambao bolti zimepotea, jaza vipande vya godoro kati ya ngoma na ganda la mashine. Ukifika, bolti zitoe zote kabla ya kuwasha, vinginevyo itatembea jikoni kama imepagawa. Zifunge kwenye mfuko, uubandike kwa gundi ya karatasi nyuma ya mashine, maana siku ya kuhama utazihitaji.