Thamani ya tatu haimnyamazishi mwongo

Chukua "Sentensi hii ni ya uongo." Ukiiita kweli, yenyewe inadai ni uongo. Ukiiita uongo, itakuwa imesema kweli. Wengi wakisikia kuna mantiki ya thamani tatu, yaani yenye thamani moja zaidi ya kweli na uongo, hudhani kazi imekwisha. Bado.

Mwanamantiki Łukasiewicz wa Poland alipoleta thamani ya tatu mwaka 1920 aliwaza mambo yajayo, si paradoksi, yaani kauli zinazojipinga kama hiyo. Aliyeielekeza huko ni Mrusi Dmitri Bochvar, mwaka 1938 (mkemia, kwa taarifa yako). Thamani zake: K, kweli, U, uongo, B, bila maana.

Uzuri wa kazi yake ni kwamba viunganishi (maneno kama "na" na "si") viko vya aina mbili. Katika vile vya ndani, B ni kama mafuta ya taa kwenye unga: tone moja linaharibu debe zima. "U na B" inatoa B. Usichanganye na jedwali la thamani tatu la mwanamantiki Kleene (lile liitwalo la nguvu), linalotoa U hapo. SQL, lugha ya hifadhidata, inamfuata Kleene inapokutana na NULL, alama ya thamani isiyojulikana. Ukanushi wa ndani hugeuza K kuwa U, U kuwa K, na B huiacha B. Viunganishi vya nje havitoi B kamwe: "si kweli kwamba A" ni U pale A ikiwa K, vinginevyo ni K.

Sasa pima paradoksi yenye mtego uleule: seti ya mwanafalsafa Russell, R, yenye seti zote zisizojibeba zenyewe, yaani zisizo wanachama wa nafsi zao. R imo ndani ya R pale tu ambapo haimo, kwa hiyo "R imo ndani ya R" lazima iwe na thamani sawa na ukanushi wake. Kwa ukanushi wa ndani, jaribu K: unapata U. Jaribu U: unapata K. Jaribu B: B. Imekaa, sentensi haina maana, na mgongano umekwisha.

Rudia kwa ukanushi wa nje. K inatoa U, U inatoa K, na B nayo inatoa K. Hakuna inayokaa. Paradoksi imerudi ikiwa na nguvu zilezile, na kuongeza thamani ya nne hakusaidii, kwa sababu ukanushi wa nje utaitupa kwenye K vilevile.

Kwa hiyo dawa inafanya kazi pale tu unapokataza viunganishi vya nje visitumike kutungia seti. Gharama si ndogo: ile "haina maana" tuliyoitamka juu ya R imetamkwa kwa kiunganishi cha aina hiyohiyo iliyokatazwa.