Wienhausen: chini ya mbao za sakafu ya masista

Kufika Wienhausen, kule Ujerumani kaskazini, ni rahisi tu, treni toka Hannover mpaka Celle kisha basi, kijiji kimetulia, mashamba na nyumba za zamani, halafu unakutana na jengo refu la matofali mekundu, ukuta wake wa mbele umepanda ngazi ngazi mpaka juu. Hapo ndipo Agnes wa Landsberg, mjane wa mtawala mmoja wa Saksonia, alipoanzisha konventi ya masista karibu mwaka 1230, wakawa wanafuata taratibu za Wasistersiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, yani kukatisha usingizi kusali, kunyamaza, kazi za mikono.

Huingii kivyako, unazungushwa na mwenyeji. Ukumbi wa sala wa masista aisee, kuta na dari vyote vimechorwa, ni michoro ya miaka ya 1330, huoni pa kuweka hata kiganja. Lakini kilichonishika mimi sio hiyo rangi. Mwaka 1953 mafundi waling'oa mbao za sakafu chini ya viti vya masista, wakakuta vitu vilivyopenya kwenye nyufa miaka na miaka: visu vidogo, vibao vya nta vya kuandikia, vipicha vya watakatifu, na miwani! Ni ya mbao, duara mbili zimeshikwa na pini katikati, haina mikono ya kukaa masikioni, unaibana puani tu. Ni kati ya miwani ya zamani kabisa iliyobaki duniani. Nilisimama pale nikimuwaza huyo mama wa watu, macho yameshachoka, kitabu cha zaburi mbele yake, mshumaa, na miwani ndo hiyo imeshatumbukia.

Na wasikudanganye eti walikuwa wapole wa kuburuzwa. Mtawala Ernst alipotaka wawe Walutheri waligoma, mwaka 1531 akabomoa sehemu ya majengo na bado wakaendelea kumkatalia, ikapita miaka mingi sana kabla konventi haijageuka. Leo wanaishi humo wanawake wa Kilutheri, wana abesi wao kabisa, yani mama mkuu wa nyumba, na mimi mtoto wa KKKT, Kanisa la Kilutheri Tanzania, niliyezoea kuwaona masista wetu wa Ushirika wa Neema kule Moshi nilijisikia nyumbani.

Mkienda nendeni kipindi cha joto, na msiondoke bila kuona vitambaa vya ukutani walivyodarizi wenyewe, kimoja kina hadithi ya mapenzi ya Tristan, shujaa wa hadithi za kale za Ulaya, konventini humo humo.