Tulifungua tu

Tangu Jumapili kuna silabi imenikwama kooni kama mwiba wa dagaa. Hainiui, lakini kila nikimeza mate ipo. Silabi yenyewe ni tu.

Alikuja Kaka Mkubwa, kaka yake Baba Watoto, yule anayeishi Slough, Uingereza. Tulimwahidi kumwekea zile mbio za marathoni za London za 2023 tulizozirekodi, naye alikuja na ndala zake za kuvaa ndani kabisa. Picha ikatoka safi, haikuganda hata mara moja. Akainama, akakitazama king'amuzi pale chini ya televisheni.

"Hiki si ndicho kilikuwa kinakwamakwama? Mlikipeleka wapi?"

"Ah, tulifungua tu," akasema Baba Watoto. "Kazi ndogo."

"Mkono wa mzee huo. Mzee alifungua redio za kijiji kizima."

Baba Watoto akacheka kile kicheko chake cha puani, kisha akanigeukia: "Mama, hebu tuongezee chai."

Nikaongeza chai.

Sasa ngojeni niwaambie nani alifungua nini. King'amuzi tulikinunua 2012, kikiwa na diski ya GB 500, na miaka yote hiyo diski ile haikupata usingizi. Watu hudhani inafanya kazi unaporekodi tu. Wapi! Kikiwa kimewashwa huandika muda wote chaneli unayoitazama, ndiyo maana unaweza kusimamisha taarifa ya habari ukaenda kufungua mlango, ukarudi ukaendelea pale pale. Kuandika na kufuta, kuandika na kufuta, miaka kumi na ushei. Mwezi wa pili ikaanza kulia tik, tik, kama mtu anayegonga jino kwa kucha, na msomaji wa habari anaganda mdomo wazi. Baba Watoto akasema tununue kipya. Mimi nikasema, ndani mna Kiptum.

Aprili 23, 2023, BBC One, manyunyu tangu asubuhi. Kelvin Kiptum aliwaacha wenzake baada ya kilomita 30, akamaliza kwa 2:01:25. Oktoba akaenda Chicago akaweka rekodi ya dunia, 2:00:35. Februari 2024 akafariki kwa ajali ya gari maeneo ya Kaptagat, ana miaka 24. Kwao Baba Watoto ni upande huo huo. Usiku wa habari ile alikaa kwenye kochi akazitazama mbio zote mwanzo hadi mwisho, kwa muda wa saa tano na nusu, pamoja na wale wa nyuma kabisa waliojivika mavazi ya kifaru. Tangu hapo hakuna mtu nyumba hii aliyethubutu kubonyeza kufuta.

Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu ilibidi Kiptum ahamishwe. Flashi ilikuwa na nafasi tele, ikakataa. Kumbe flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo ambao faili moja haliruhusiwi kuzidi GB 4, na mbio zile ni faili moja la GB 15. Nikachukua diski ya nje ya picha za watoto, nikazitoa picha kwanza, nikaifomati upya kwa mtindo wa Linux, ule mfumo mwingine wa kompyuta, ndipo ikakubali. Na vipindi vya HD katika king'amuzi chetu hufungwa kwa ufunguo wa king'amuzi chenyewe. Ukivipeleka kwenye kompyuta ni takataka, lakini vikirudi nyumbani vinafunguka. Hilo nililisoma mara nne. Ufunguo ungekuwa wa diski, tungekuwa tumeumia.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia, watoto wamelala, nikachomoa waya wa umeme, nikakiacha nusu saa, maana ndani kile kibao cha umeme wa ukutani kiko wazi, hakina hata kifuniko. Skrubu tatu za nyuma zikatoka kwa utii. Ya nne, ya ubavuni, kichwa kilikuwa kimelika, bisibisi ya nyota inazunguka bure. Nikachukua ile raba inayofungiwa vitunguu vya majani dukani, nikaiweka katikati ya bisibisi na skrubu, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, nikazungusha polepole. Ikalia kwii, ikaachia. Ndani vumbi kama manyoya ya paka. Diski imekalishwa juu ya vipira vinne vyeusi ili mtetemo wake usisikike sebuleni, na kimoja kikaponyoka kikaviringika chini ya kochi. Nani alilala kifudifudi akakivuta kwa mwiko? Si sisi.

Baba Watoto alishika tochi ya simu. Hilo simnyimi. Alishika kama dakika kumi, akauliza mara tatu "Una uhakika?", halafu nikaona mwanga unaanza kupanda darini. Kugeuka, mtu anakoroma.

Diski mpya ni ya TB 2, ya aina inayotengenezewa kamera za ulinzi, maana hizo zimezoea kuandika usiku na mchana. Waya wa data, waya wa umeme, vipira, skrubu. Nikawasha, kikaniuliza kama nataka kuifomati, nikabonyeza ndiyo huku nimefumba jicho moja. Ikajitaja kuwa ya TB 1.8. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, mashine inahesabu kwa 1,024, na mnunuzi ndiye anayeona pengo. Saa tisa kasoro usiku Kiptum akatokea kwenye lami iliyolowa, nikalia kidogo, sijui kwa nini, labda usingizi.

Tulifungua tu.

Nimeitafuna wiki nzima, wiki ambayo nimepandishwa kuwa kiongozi wa zamu na wifi amejifungua mapacha Eldoret. Tu ya mbele ilichukua kazi yangu ikaigawa nusu kwa nusu na mtu aliyekuwa anakoroma. Tu ya nyuma ikaikuta ile nusu iliyobaki, ikaipunguza. Herufi mbili, mara mbili, na hakikubaki kitu. Halafu ikaja ya chai, "tuongezee". Hapo ghafla wamekuwa watu wawili, na mimi simo.

Ningemrekebisha vipi? Mbele ya shemeji mkubwa, tena ameshamtaja mzee, Mungu amrehemu? Majibu ninayo sasa. Jumatatu nikitandika vitanda kazini nilikuwa na hili: "Shemeji, mkono wa mzee ulikuwa umelala kwenye kochi." Jumanne likaja la adabu zaidi: "Mkono huo ni wa Tanga, shemeji." Hili nililipenda. Nililijaribu kwa sauti mbalimbali, hadi bibi wa chumba namba sita akaniuliza nazungumza na nani.

Jumatano, ndani ya basi namba 17, likanijia jingine ambalo sikuliita.

Jumapili hiyo hiyo, kabla ya mbio, tulikula pilau. Pilau ya Baba Watoto. Alifundishwa na mama yangu mwaka wa harusi, akasimamishwa jikoni Tanga siku tatu kama mwali, na tangu hapo hakuna anayemgusia sufuria. Jumapili aliamka saa kumi na mbili kukaanga vitunguu hadi viwe rangi ya kahawa. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala fofofo. Kaka Mkubwa akalamba kidole, akasema, "Shemeji, nyinyi watu wa Tanga, pilau ni yenu." Nami, ndani ya dera, macho yamevimba usingizi, nikamjibu:

"Ah, tumejaribu tu, shemeji."

Baba Watoto alikuwa amesimama pale pale na bakuli la kachumbari. Hakusema kitu.

Nilicheka peke yangu hadi nikapitiliza kituo. Nimejaribu kujitetea. Kwamba bizari nilinunua mimi. Kwamba pilau huliwa ikaisha jioni ile ile, diski itakaa miaka. Kwamba mimi nilishasifiwa kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo nilijibu kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia hodi. Na yeye je? Yeye naye si alisifiwa kwa mazoea? Hoja zangu hazina miguu, lakini bado nazishikilia, maana nikiziachia itabidi niombe radhi, na mimi ndiye niliyekuwa nadai radhi kwanza.

Jana jikoni nikamwambia, bila utangulizi, "Pilau ya Jumapili uliipika wewe."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa leo ni Alhamisi. "Ndiyo. Kwani?"

Nikasubiri. Nikafuta meza iliyokuwa safi, nikaendelea kusubiri.

"Rimoti mmeiweka wapi?" akauliza.

Basi. Haya yangeisha hapa, nikalala, lakini kuna Kitinda Mimba. Leo siku ya tatu kisanduku chake cha chakula kinarudi kutoka shule kama kilivyokwenda. Mkate haujaguswa, zabibu hazijaguswa, hata karatasi ya biskuti haijachanwa, na biskuti ndizo zile anazoziiba kabatini. Nimemuuliza, anasema alikuwa ameshiba. Ameshiba nini?