Ramu, Ndimu na Asali: Kutoka Havana hadi Santiago

Joto la Havana mwezi Julai ni ndugu wa joto la Mombasa mwezi Februari: kabla ya saa tatu asubuhi shati limekwisha kugandana na mgongo. Nilikuwa nimekwenda Kuba kufuata asili ya vinywaji vitatu, na cha kwanza, mojito, nilifundishwa na mhudumu wa baa moja ndogo ya mji wa kale, ambaye alinionyesha mara moja tu kisha akaniachia mchi. Niliiponda nanaa kama mtu atwangaye kisamvu. Alinishika mkono, akanieleza kwamba majani hayo hugandamizwa kidogo tu mpaka yatoe harufu, kwani yakichanika huleta uchungu. Akaumwaga mchanganyiko wangu na kuanza upya kwa vijiko viwili vya sukari, maji ya ndimu moja, nanaa, mililita 50 za ramu nyeupe, barafu na maji ya soda.

Basi lilinipeleka Trinidad, mji ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1514, zaidi ya kilomita 300 kutoka Havana. Nje ya mji, katika bonde la Valle de los Ingenios, umesimama mnara wa Manaca Iznaga, ambao kengele yake iliwapangia watumwa saa za kuingia na kutoka katika mashamba ya miwa. Ramu ya Kuba hutokana na molasi, yale masalia meusi yanayobaki sukari ikishatolewa, na kwa maoni yangu wanaowatembeza wageni hulipita jambo hilo haraka mno.

Kinywaji cha Trinidad ni canchánchara. Husimuliwa kuwa kilinywewa na mambises, wapiganaji wa vita vilivyoanza tarehe 10 Oktoba 1868, siku ambayo Carlos Manuel de Céspedes, mwenye kiwanda cha sukari, aliwaacha huru watumwa wake na kuinua silaha dhidi ya Uhispania. Huchanganywa mililita 15 za asali na kiasi hicho hicho cha maji ya ndimu, hukorogwa mpaka asali iyeyuke kabisa, ndipo huongezwa maji kidogo na mililita 60 za pombe kali ya miwa, katika kikombe cha udongo. Ukitanguliza barafu, asali hukaza na kunata chini. Nilipoonja nilicheka peke yangu, kwa kuwa ilikuwa kama “dawa”, kile kinywaji cha baa za Nairobi cha vodka, ndimu na asali, ila bila vodka. Dawa hiyo huhesabiwa kuwa mtoto wa caipirinha, kinywaji cha Brazili cha pombe ya miwa na ndimu, lakini ulimi wangu ulidai ndugu wa karibu zaidi.

Cha tatu, daiquirí, kina jina la kijiji cha pwani karibu na Santiago, walikoshukia wanajeshi wa Marekani Juni 1898, na kwa kawaida sifa hupewa Jennings Cox, mhandisi Mmarekani wa migodi ya chuma ya huko. Ni ramu mililita 60, maji ya ndimu 20 na sukari vijiko viwili vidogo, vyote vitikiswe kwa barafu nyingi na kuchujwa. Nilikusudia kukitengeneza mwenyewe katika nyumba niliyofikia Santiago, lakini umeme ulikatika tangu alasiri, na kufikia magharibi barafu yote ilikuwa maji. Mama mwenye nyumba alizitazama ndimu nilizokwisha kukata, akafungua kabati, akatoa chupa ya asali.